Shajara ya klabu: raga ya 13 hapa Dodoma, kuanzia mbigili hadi mechi ya kwanza

Shajara hii nimeiandika tangu siku ya kwanza kwenye daftari la jalada la bluu, mara nyingi usiku, baada ya kunawa vumbi. Nainakili hapa karibu yote.

Wiki ya 1, mwanzoni mwa Mei

Mvua zimekatika na kiwanja tumekipata. Ni eneo la wazi upande wa Nkuhungu. Serikali ya mtaa imetukubalia kwa masharti mawili: watoto wa jirani waendelee kucheza mpira wao asubuhi, na ng'ombe wa wazee wapite jioni kama walivyopita siku zote. Nimeyakubali yote mawili papo hapo.

Tumekuja watu 9: madereva wanne wa bodaboda wa kijiwe kimoja, wanafunzi wawili wa chuo, saidia fundi mmoja, kijana anayeuza zabibu, na mimi ninayefanya kazi ofisi ya serikali kule Mtumba. Mimi peke yangu ndiye niliyewahi kuushika mpira wa raga. Mchezo huu niliujulia Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, miaka miwili niliyosoma huko. Tangu nihamishiwe Dodoma nimekuwa nikiwatazama vijana wa mji huu, walivyo na nguvu na mbio, na wengi wao hawana timu yoyote kwa sababu kwenye mpira wa miguu nafasi zimejaa.

Swali la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, ndiyo ile raga ya Wakenya?" Wanaoijua raga hapa wengi wanaijua kwa Kenya, iliyotwaa ubingwa wa Singapore mwaka 2016 kwa raga ya wachezaji saba. Nikawaambia hii ni ndugu yake. Raga ya 15 na ya 7 zinakaa nyumba moja. Raga ya 13, ambayo jina lake rasmi ni raga ligi, ilihama na kujenga yake mwaka 1895. Mpira ni uleule wenye umbo la yai, na kumrushia pasi mwenzako aliye mbele ni kosa huku na huku. Tofauti kubwa inaonekana mtu akishaangushwa. Kwenye raga ya 15 wachezaji huugombania mpira palepale chini. Kwetu, aliyeangushwa anaachiwa, anasimama, anauweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa unyayo, mwenzake anauokota, mchezo unaendelea. Wanaozuia wanarudi mita 10. Mkiangushwa mara sita bila kufunga, mpira unakwenda kwa wapinzani.

Kwa ardhi ya Dodoma naona sheria hiyo ni rehema. Udongo wa huku ukikauka unakuwa sakafu, na rundo la watu juu ya mtu mmoja kwenye sakafu sitaki kuliona.

Mpira wenyewe siku hiyo hatukuugusa. Tuliokota mbigili. Tunda lake lina pembe kadhaa, na likianguka chini, vyovyote litakavyolala, pembe moja inatazama juu. Tulianza kwa mikono, watu 9 tumeinama, na baada ya saa nzima tulikuwa tumesafisha eneo la chumba kimoja. Dereva mmoja akasema, "Hizi nazijua mimi, zimenitoboa tairi miaka mitatu." Akawasha pikipiki, akarudi na kipande cha godoro la zamani amekifunga kwa kamba nyuma. Akaanza kukiburuta polepole, kwenda na kurudi, kama mtu anayepiga pasi nguo. Tulipokigeuza, upande wa chini ulikuwa umejaa miba mpaka sponji haionekani. Tukaikwangua kwa kisu, tukaichoma moto, akaenda tena. Mara 11. Jua linazama tulikuwa na ukanda wa kama mita 40 kwa 30 ambao mtu angeweza kuuangukia.

Wiki ya 3

Sasa tuko 15. Wamejiunga wafanyakazi wenzangu wawili, wanafunzi wengine watatu na dereva wa tano.

Bado tunacheza kwa kugusa tu, hakuna kuangushana. Nimeweka msimamo kwamba kabla mtu hajajua kuanguka haruhusiwi kuangusha. Mafundi seremala wa Kizota wametupa maranda bure. Tumeyajaza kwenye viroba, na mengine tumeyamwaga chini. Kila mmoja anaanza akiwa amepiga magoti. Kichwa kikae pembeni, nyuma ya makalio ya unayemkaba, shavu ligande kwenye mwili wake. Bega ndilo ligonge. Mikono ifunge kama unakumbatia gunia. Kichwa kisitangulie kamwe. Nimelirudia neno hilo mpaka sauti imekauka, na nitaendelea kulirudia.

Madereva wameanza kuhesabu kwa sauti kila anayeguswa: moja, mbili, tatu. Ya sita wameipa jina, "kituo cha mwisho". Nimelipenda, nami nalitumia.

Wiki ya 5

Wamekuja sita.

Nilikasirika, nikakaa kwenye jiwe nikidhani wamechoka mchezo. Saidia fundi ndiye aliyenieleza, kwa utulivu kabisa. "Mwalimu, hawajauchoka. Jumapili ndiyo siku yao."

Kumbe sikuwa nimeuliza. Pikipiki nyingi si za madereva. Kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, dereva anampelekea bosi hesabu ya shilingi 8,000, iwe kumekuwa na abiria au hapana. Jumapili hapeleki hesabu. Anachopata siku hiyo ni chake, na ndicho kinachonunua mafuta ya kupikia, sabuni, na daftari la mtoto. Mimi nilikuwa nimepanga mazoezi makubwa Jumapili saa 9 alasiri kwa sababu Jumapili mimi sina kazi. Siku za kazi nazo hazifai: asubuhi kuanzia saa 12 na jioni kuanzia saa 10 ndipo abiria walipo, na mchana katikati, wao wanapokuwa na nafasi, mimi na wanafunzi tuko ndani.

Usiku huo sikulala mapema, kwa sababu kisa hiki nilikuwa nakijua. Ndicho kilichouzaa mchezo wenyewe.

Wiki ya 6

Nimewaita wote kijiweni kwao, saa 4 asubuhi, chini ya mwarobaini, nikawasimulia.

Mwishoni mwa karne ya 19, kwenye miji ya Yorkshire na Lancashire, wachezaji wengi wa raga walikuwa watu wa viwandani na wa migodi ya makaa ya mawe. Mechi ni Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Anayecheza anakatwa ujira. Klabu za kaskazini zikaomba ruhusa ya kumlipa mchezaji fidia ya muda alioukosa kazini. Wakuu wa raga, wengi wao watu wa kusini wenye nafasi zao, walikataa mwaka 1893: anayecheza acheze kwa mapenzi, asiyeweza kumudu akae kando. Tarehe 29 Agosti 1895 wawakilishi wa klabu za kaskazini wakakutana kwenye hoteli ya George, Huddersfield, wakajitoa na kuunda umoja wao. Walichokipigania ni shilingi sita kwa siku ya kazi iliyopotea.

Jengo la hoteli ile liko karibu kabisa na kituo cha treni. Nimepita mbele yake mara nyingi nikiwa na begi mgongoni, nikijua kilichotokea humo, lakini sikuwahi kukifikiria kama jambo la mtu ninayemfahamu. Nilipotaja hizo shilingi sita kijiweni, hakuna aliyeshangaa. Dereva mmoja, yuleyule wa godoro, aliuliza tu, "Kwa hiyo walilipwa?" Nikamwambia walilipwa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya haki.

Mabadiliko ya sheria yalikuja baadaye, mengi yakitaka mchezo uwe na mbio ili watazamaji waje na viingilio vipatikane: mwaka 1897 wakaondoa ile mistari miwili ya wachezaji wanaojipanga kuudaka mpira unaorushwa kutoka nje, mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 na kuweka ule utaratibu wa kusimama na kuuchezesha mpira kwa mguu. Raga ya 15 yenyewe ilikuja kuruhusu wachezaji walipwe mwaka 1995, miaka 100 kamili baada ya mkutano wa Huddersfield.

Tumeunda mfuko, tukauita fidia. Mimi natoa 10,000 kwa wiki, wenzangu wawili wa ofisini 3,000 kila mmoja, wanafunzi watano 500 kila mmoja. Jumla 18,500. Kila Jumapili tunawalipa madereva watano na saidia fundi, ambaye hupata kibarua hata Jumapili, shilingi 3,000 kila mmoja. Zinakwenda 18,000. Muuza zabibu amekataa kulipwa. Anasema zabibu zake zinauzika asubuhi, mchana hapotezi kitu.

Kuna aliyeniambia ofisini kwamba mchezaji wa ridhaa akipewa hela si wa ridhaa tena. Sikubaliani naye. Hakuna anayepata faida hapa. 3,000 hazifikii hata anachokiacha barabarani.

Wiki ya 7

Jumapili wote 15 walikuwepo.

Ng'ombe walipita saa 11 kasoro, tukasimamisha mchezo. Mzee mwenye ng'ombe ameniambia nisimwamkie shikamoo peke yake, nijifunze na "mbukwenyi" kama watu wa hapa. Nimejifunza. Akauliza wanagombania nini vijana hawa, nikamweleza, akasimama na fimbo yake begani mpaka giza.

Wiki ya 10, Julai

Upepo. Anayeijua Dodoma ya Julai hahitaji maelezo, lakini kwa mwenye kiwanja ni jambo la kuandikwa. Tulichora mistari kwa chokaa kavu Jumamosi, Jumapili haikuwepo. Tukakoroga chokaa kwa maji, ikadumu siku mbili. Sasa tumechimba kwa ncha ya jembe vifereji vyembamba vya kina cha kidole kimoja, na chokaa ya maji tunaimwaga humo ndani. Inakaa wiki nzima.

Kiwanja kamili kina urefu wa mita 100 kutoka mstari wa goli hadi wa goli, na upana wa mita 68. Sisi tumepata urefu wa 90 na upana wa 60, zaidi ya hapo ni njia ya watu. Magoli tumesimamisha wenyewe kwa mirunda: nguzo mbili, nafasi ya mita 5.5 kati yake, mti wa kukingama mita 3 kutoka ardhini. Nguzo ya kushoto imeinama kidogo. Tumeizungushia viroba vya maranda chini ili mtu akiivaa asivunjike.

Mpira wetu wa pili umefika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ni namba 5, saizi ya watu wazima. Wa kwanza una kiraka.

Kuhusu upepo wenyewe, nimeamua tuutumie. Ukipiga mpira juu ukielekea upepo unapokwenda, unapaa na kupotea. Ukipiga chini, ukiruka-ruka, mpira wa yai haumwambii mtu unakokwenda. Tunafanya mazoezi ya teke fupi la chini kwa ajili ya kituo cha mwisho. Muuza zabibu ana mguu mzuri kuliko wote. Anauangusha mpira polepole kutoka mkononi, kwa uangalifu uleule anaotumia kuweka kichala kwenye ndoo.

Wiki ya 11

Habari za fidia zimeenea vijiweni. Madereva sasa 9, na wanafunzi 7. Michango ni 19,500, malipo yanatakiwa 30,000. Wiki hii nimeziba pengo mwenyewe. Wiki ijayo siwezi.

Nimesema ukweli mbele ya wote, na jibu limetoka kwao. "Mwalimu, kwa nini tusiweke deiwaka?" Kila kijiwe kina vijana wasio na pikipiki wanaosubiri mtu augue au asafiri ili washike usukani kwa siku moja. Dereva anamwachia deiwaka pikipiki kuanzia saa 8 mchana, wakikutana saa 12 jioni deiwaka anampa 3,000, nyingine zote zake. Mchezaji hakukosa, deiwaka kapata kazi, mfuko haukuguswa.

Kazi ikawa kuwashawishi mabosi, maana pikipiki ni mali yao. Nilikwenda mmoja baada ya mwingine pamoja na dereva wake. Sita wamekubali, kwa sharti deiwaka awe na leseni. Watatu wamekataa na siwalaumu. Sasa mfuko unawalipa hao watatu na saidia fundi: 12,000. Kwa mara ya kwanza kinabaki kitu, 7,500 kwa wiki.

Nimekaa miaka kadhaa nikisoma historia ya mchezo huu na sikuwahi kulifikiria hilo la deiwaka. Limetoka kwa watu wanaoijua shida yenyewe.

Wiki ya 13

Wasichana wanne wa chuo wamekuja na kuuliza kama klabu ni ya wanaume tu. Nikawaambia siyo. Wawili ni wachezaji wa netiboli, na kwenye pasi wametuacha mbali sote: mikono inapokea mpira mapema, macho yameshamwona wa kumpa. Nimewaomba wawafundishe wavulana kupokea, na Jumapili hii wamefanya hivyo, dakika 20 za mwanzo ni zao. Tunacheza pamoja kwa kugusa tu. Wakifika 9 tutaanzisha timu yao, kwa kuwa raga ligi ina aina yake ya wachezaji 9 kila upande, nusu mbili za dakika 9.

Wiki ya 16

Nimechelewa kuandika, na ningependa nisiandike.

Jumapili iliyopita saidia fundi aliangushwa. Hakukuwa na kosa la mtu; aliangushwa sawasawa, akatua juu ya bega, na pale maranda yalikuwa yamepeperuka. Nilisikia mlio kabla sijamwona. Mtulinga umevunjika. Tulimfunga mkono kwa kanga ya dada mmoja, tukampeleka kwa bajaji. Daktari amesema mkono ukae kwenye kitambaa wiki 6, na kazi ya kubeba zege asiifikirie kwa sasa.

Jumatatu jioni nilikwenda kwao. Mama yake alikuwa anapepeta mtama uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwalimu."

Alinipa kigoda. Hakunigombeza. Aliendelea na ungo wake, makapi yakiruka, kisha akasema bila kuniangalia: "Mwalimu, huyu ndiye anayenunua unga wa nyumba hii."

Hiyo tu. Sijui ningejibu nini, nikamwambia nitarudi Jumatano.

Mwaka 1907 huko Sydney mchezaji mmoja aitwaye Alec Burdon aliumia, akakaa bila kazi wala fidia, na kisa chake ni miongoni mwa vilivyowasukuma watu kuanzisha raga ya 13 Australia mwaka huohuo. Nilikuwa nakisimulia kisa cha Burdon kirahisi sana. Sasa kina ungo na mtama.

Jumanne tulikaa kikao. Kijana anapata 12,000 kwa siku. Tumeamua klabu imlipe nusu, 6,000, kwa siku sita za wiki, wiki zote sita: 216,000. Mfuko ulikuwa na 37,000. Mimi nimetoa 100,000, wenzangu wa ofisini 30,000. Kijiwe cha kwanza kimepitisha kofia na kuleta 49,000, wakiwemo madereva ambao hawajawahi kukanyaga kiwanja chetu. Jumatano nilirudi kwa mama na fedha ya wiki mbili za mwanzo. Akaihesabu, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaniambia nisiondoke kabla sijala. Nilikula ugali wa mtama na mlenda.

Yaliyobadilika: hakuna mazoezi ya kuangushana kabla maranda hayajamwagwa upya na kulowekwa maji. Na kila anayejiunga lazima awe na bima ya afya au tumsaidie kuipata kwanza. Haya yangepaswa kuwepo tangu wiki ya 1. Kosa hilo ni langu.

Wiki ya 19

Makaratasi. Ili tuitwe klabu lazima tusajiliwe kwa msajili wa vyama vya michezo, chini ya mwavuli wa Baraza la Michezo la Taifa, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Tumeandika katiba, muhtasari wa mkutano wa waanzilishi, na orodha ya wanachama yenye saini. Afisa michezo alitupokea vizuri na kuuliza swali la msingi: mchezo huu si raga inayojulikana tayari? Nikamweleza tofauti kwa kalamu kwenye karatasi, 13 na 15, maangusho sita, hakuna kugombania chini. Akatushauri tuieleze tofauti hiyo ndani ya katiba yenyewe ili kila atakayeisoma aielewe. Tumeongeza kifungu.

Kuna kifungu kingine nilichokisimamia mimi: "Klabu itakuwa na mfuko wa fidia ya muda wa kazi na ya majeruhi, na mfuko huo hautatumika kwa jezi, safari wala sherehe." Kimepita kwa sauti moja. Jina la klabu sitaliandika hapa mpaka usajili utoke.

Wiki ya 23, Oktoba

Mechi ya kwanza.

Hakuna klabu nyingine ya raga ya 13 karibu nasi, kwa hiyo tuliwaomba vijana wa raga ya 15 kutoka Dar es Salaam waje wacheze kwa sheria zetu. Walikuja na treni ya umeme ya asubuhi. Nilikuwa nimewatumia sheria wiki mbili kabla, na refa alikuwa mmoja wa wenzangu wa ofisini aliyezisoma mpaka akaniuliza maswali nisiyoweza kujibu bila kufungua kitabu. Tulikubaliana nusu mbili za dakika 30 badala ya 40, kwa ajili ya jua.

Mzee wa ng'ombe aliwapitisha mifugo mapema siku hiyo, saa 8, ili wasitukatize. Hatukumwomba.

Walituzidi uzoefu na uzito. Dakika 15 za mwanzo walifunga trai tatu. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, kwetu ni pointi 4, na teke la baada yake likipita kati ya nguzo ni 2. Wakawa na 16. Kisha kitu kikabadilika, na nadhani ni mazoea yao ya raga ya 15. Kila walipomwangusha mtu wetu walibaki palepale kwa sekunde moja, wakitafuta mpira wa kugombania. Wetu alikuwa ameshasimama, ameshausukuma nyuma, na dereva wa godoro ameshauokota. Sekunde hiyo moja ndiyo tuliyoifanyia mazoezi tangu Mei.

Trai ya pili yetu nitaikumbuka. Tuko mita 20 kutoka kwao. Kando ya uwanja watu wanahesabu, kijiwe kizima kimekuja: tatu, nne, tano. Upepo ulikuwa mgongoni mwetu. Muuza zabibu akapokea, akatazama chini na siyo mbele, akauangusha mpira na kuugusa kwa kidole cha mguu. Uliruka mara ya kwanza kulia, mara ya pili ukasimama wima kama umeitwa, na mwanafunzi wetu wa pembeni akaulalia nyuma ya mstari. Vumbi lilipotulia alikuwa bado ameukumbatia.

Nusu ya pili muuza zabibu huyohuyo aligongwa kichwa na goti. Aliinuka haraka akasema yuko sawa. Nilimuuliza wako wangapi wanaocheza kwa kila upande, akachelewa kujibu. Nikamtoa. Tulikuwa nyuma kwa pointi nane, naye ndiye mpigaji wetu, na wenzake walinisihi, "Mwalimu, dakika tano tu." Aliyetiliwa shaka ya mtikisiko wa ubongo harudi siku hiyo, na kwa hilo sijadiliani na mtu. Alikaa karibu nami, amefunikwa taulo yenye maji kichwani, na jioni dada mmoja alimsindikiza hospitali na kukaa naye. Wiki zijazo atarudi hatua kwa hatua, kukimbia kwanza, mpira baadaye, kuangushana mwisho.

Tulifungwa 26 kwa 18. Trai tano kwa tatu. Wageni walikula nasi wali na nyama ya mbuzi, wakaondoka na treni ya jioni, na nahodha wao ameahidi tutakutana tena kwao baada ya masika. Nauli ya wachezaji 17 ndiyo hesabu inayofuata.

Saidia fundi alikuwa mshika kibendera. Mkono umepona, lakini nimemwambia asubiri.

Wiki ya 28

Usajili: barua imerudi tusahihishe ukurasa wa saini. Tumesahihisha na kupeleka.

Wasichana wamefika 10.

Bosi mmoja kati ya wale watatu amekubali deiwaka.

Wiki ya 32, Desemba

Mvua ya kwanza imenyesha usiku wa Jumanne. Jumatano kabla ya kazi nilipitia kiwanjani. Udongo umelainika, ukiukanyaga unakubali mguu, na kwa mara ya kwanza tangu Mei nilifikiria mtu akianguka bila kukunja uso. Vifereji vya mistari vilikuwa vimejaa maji mekundu. Nguzo ya kushoto imeinama zaidi.

Nilipochuchumaa nikaona vichipukizi, vidogo, vinavyotambaa, kila mahali, hata pale tulipopitisha godoro mara 11. Mbegu zilikuwa chini muda wote. Mzee ameniambia maua yake ni ya njano, na yakishatoka haichukui muda mrefu kabla ya mwiba. Kwa hiyo lazima tuwahi.

Jumamosi hakuna mazoezi, ni palizi. Saa 12 na nusu asubuhi, kabla madereva hawajaingia barabarani kwa abiria wa sokoni. Kila mtu aje na jembe. Mwenye mawili alete yote. Saidia fundi ameomba apewe upande wa goli la kushoto, anasema nguzo ile ataisimamisha upya kwa zege.